Rudini kwenu

Alhamisi, Lamu

Leo mwenzangu amefutwa kazi, na aliyeketi kando yake akisikilizwa ni mimi.

Wiki iliyopita alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa hoteli. Alitaka likizo ya Idi, akaikosa. Dada wa dobi alipewa siku hizo kwa sababu mamake anaumwa. Basi jamaa akasema wabara wametujaa, akawaita machogo, tusi la huku Pwani kwa watu wa bara, akamalizia: "Rudini kwenu." Jina hakutaja, lakini kundini mtu wa bara ni mmoja tu, dada huyo wa dobi.

Na kwao ni Mpeketoni, humu humu kaunti ya Lamu. Jamaa zake waligawiwa mashamba huko miaka ya 1970, yeye kazaliwa huko. Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, alikuwa darasa la pili. Aliyelala porini usiku ule na mamake, ukimwambia arudi kwao, anasikia kitu ambacho mimi wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, siwezi kukisikia.

Meneja alitaka kumfukuza mwenzangu usiku ule ule wa ujumbe. Nilimpinga, na sijuti. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mtu kosa lake kwa lugha anayoielewa, kisha amsikilize akiwa na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Haki hiyo ni yake hata kama sauti yake sote tumeisikia. Akanichagua mimi.

Alikuja na Katiba kwenye simu. Akasoma mwanzo wa kifungu cha 33, uhuru wa kujieleza, akaishia hapo. Mbele kidogo kifungu hicho hicho kinayatoa matamshi ya chuki nje ya uhuru huo, tena kinamtaka kila mtu aheshimu haki na heshima ya wenziwe anapousema moyo wake. Na polisi hakuna aliyebisha mlangoni kwake. Tulichokuwa tukikiamua ni kama dada yule ataweza kumpokea mashuka kila asubuhi.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. "Mimi sikumtukana bosi," alisema. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, kinapoorodhesha makosa ya kumfuta mtu papo hapo, kinataja matusi kwa mwajiri au kwa mkubwa wa kazi. Wa dobi hatajwi. Orodha hiyo haizuii makosa mengine kuhesabiwa, najua, lakini iliniuma kwamba wa juu kaandikiwa ulinzi wake waziwazi, na anayefua ni mpaka atafutiwe.

Meneja akamuuliza kama ana neno la kumwambia dada. Akaomba radhi kwa kuiharibia hoteli jina. Akaulizwa tena, akamwomba radhi meneja. Nilimgusa mguu chini ya meza. Hakunitazama. Kwa jinsi nilivyomsoma meneja, neno moja tu lingemwacha na barua ya onyo. Ana watoto watatu. Nilimsindikiza mpaka jeti, hatukusemezana, akapanda mashua. Nimemhurumia sana, na bado naona uamuzi ulikuwa wa haki.

Niliporudi nikapita dobi kumpa dada habari. Alikuwa anakunja mashuka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Kaka, ile sauti wewe uliisikia lini?"

Nikamwambia usiku ule ule. Ilikuwa saa nne. Kundini watu sita walituma vikatuni vya kucheka. Mimi niliizima simu, nikalala.

"Nilidhani ulikuwa hujaisikia," akasema. Akanyoosha mkono, akanipa ncha ya shuka tulikunje wawili.