Baada ya "Tumekuchagua" na Kabla ya Kuripoti Kazini

Simu ya kumwarifu mtu kwamba amepata kazi huchukua dakika chache, na aliyepigiwa hubaki na mambo mawili tu kichwani: kwamba amechaguliwa, na kwamba mshahara ni kiasi fulani. Mimi nashughulikia mambo ya wafanyakazi katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Tanga, na simu za namna hiyo nazipiga mwenyewe, kwa hiyo naweza kusema bila kuzunguka kwamba anayepiga mara nyingi si mwenye neno la mwisho. Pengine mkurugenzi amekubali kwa mdomo lakini hajatia saini, pengine fedha za nafasi hiyo zinangoja mwezi ujao, na pengine ofisi inataka tu kujua kama mtu bado yupo kabla ya kuendelea na taratibu nyingine. Hakuna hila ndani yake. Hata hivyo, anayesikiliza upande wa pili huwa ameshaanza kupiga hesabu za nauli na kodi ya nyumba.

Mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa mtunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, alipigiwa simu hiyo na kiwanda kimoja cha upande wa Pongwe. Jioni yake alifika kwangu Makorora akiwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni.

"Shikamoo, mama mdogo. Nimepata kazi. Kesho nampelekea tajiri barua ya kuacha."

"Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Mkataba umeshausoma?"

"Bado, lakini wameniambia nianze tarehe moja."

Tulikaa na barua ile mpaka isha. Sikumshauri aichane, kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri na ingehitajika baadaye. Nilimwomba aiache kabatini kwangu mpaka apate karatasi kutoka upande wa pili.

Wapo wanaodhani kwamba makubaliano ya mdomo hayana uzito wowote kisheria, na hilo si kweli, kwani sheria ya mikataba ya nchi yetu inayatambua. Ugumu uko kwenye ushahidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi mambo ya msingi ya ajira yake, yakiwamo maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi hayo mgogoro unapofika mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Ni kinga nzuri, lakini tazama inaanzia wapi: maandishi hayo yanadaiwa mfanyakazi anapoanza kazi. Wakati huohuo, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa ampe mwajiri wake wa sasa notisi isiyopungua siku 28. Maana yake ni kwamba sheria inamruhusu mwajiri mpya kutoa karatasi siku ya kwanza, ilhali mfanyakazi amekwisha kuvunja ajira yake ya zamani takriban mwezi mzima nyuma. Katika pengo hilo mtu anajilinda mwenyewe, na akiachwa hapo, ataingia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi, akiwa na ushahidi wa simu iliyopokelewa tu. Wazee waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walikuwa na watu wa namna hii akilini.

Kinachowazuia wengi kudai maandishi ni kuona haya. Kijana aliyelelewa kwetu pwani huona kwamba kumwambia mkubwa "niandikie" ni kumwambia hamwamini, na baadhi ya waajiri wanaijua haya hiyo na kuitumia. Kwa uzoefu wangu wa upande wa pili wa meza, mwombaji anayeuliza kwa ustaarabu hapungukiwi heshima kwangu hata kidogo. Kinyume chake, ananipa sababu ya kwenda kumkumbusha mkurugenzi asaini. Ujumbe ambao mwanangu aliutuma kiwandani ulikuwa huu: "Assalaam alaykum. Nashukuru kwa nafasi mliyonipa na nimeikubali. Ili nitoe notisi kwa mwajiri wangu wa sasa kwa utaratibu, naomba barua ya ajira inayoonyesha cheo, mshahara kabla ya makato, mahali pa kazi na tarehe ya kuanza." Sababu inayotajwa humo ni ya kweli, na haimtuhumu mtu kwa lolote. Mwajiri anayekasirishwa na maneno kama hayo amekueleza mapema utakavyoishi naye.

Maneno "kabla ya makato" niliyaongeza mimi, na nina sababu. Kwenye simu alikuwa ametajiwa laki saba, naye akazilinganisha na alichokuwa akikipokea mkononi Ngamiani. Tulichukua kalamu. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ikiwa yeye na mwajiri wanachangia nusu kwa nusu, ni asilimia 10, yaani shilingi 70,000. Zinabaki 630,000 za kutozwa kodi: 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8 na 110,000 zilizosalia asilimia 20, na jumla ya kodi inakuwa 42,000. Kisha ikaja Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kwa kuwa naye alisoma kwa mkopo, ambayo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mnufaika aliyeajiriwa, na hizo ni 105,000. Mwishoni mkononi zikabaki 483,000. Bado palikuwa na nafuu kuliko dukani, lakini si nafuu ile aliyokwisha kuwatangazia wenzake, tena nauli ya Pongwe kwenda na kurudi kila siku hatukuwa tumeitoa.

Barua ilipofika, mengine yalikwenda kwa kawaida yake: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN), nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, barua ya mtendaji wa mtaa, wadhamini wawili, akaunti ya benki, na fomu ya kupima afya ambayo aliipeleka hospitali ya Bombo. Juu ya fomu hiyo nina neno moja, hasa kwa mabinti. Kupimwa kama mwili wako unaiweza kazi unayokwenda kuifanya ni jambo la haki na lina faida kwako mwenyewe, lakini sheria ya ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito au hali ya VVU, na katazo hilo linamlinda mwombaji wa kazi kama linavyomlinda aliyekwisha kuajiriwa. Ninawaona bado wanaoulizwa "una mimba?" kabla hata ya kuonyeshwa meza yao.

Tarehe moja haikuwezekana, kwa kuwa siku zilizobaki zilikuwa hazifiki 28 za notisi, na kiwanda kikakubali kusogeza mbele baada ya kuelezwa. Ambaye huona bora kutoroka ili awahi ajue kwamba mwajiri anaruhusiwa kukata, katika fedha anazopaswa kumlipa, malipo ya siku za notisi alizokataa kuzifanyia kazi. Nilimkumbusha pia jambo ambalo hakulipenda: miaka yake ya Ngamiani haimfuati. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mtu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake, kwa hiyo anayehama, hata awe mzoefu kiasi gani, anarudi kuwa mgeni mbele ya sheria. Alinyamaza, akaisoma barua ya kiwanda upya hadi kwenye kifungu cha muda wa majaribio, kisha akasema anakwenda.

Tajiri wake aliipokea barua ile ile ya kabatini, tarehe tu ikiwa imebadilishwa, akamtaka afanye hesabu ya stoo yote pamoja na atakayempokea, kuanzia mifuko ya saruji mpaka misumari ya bati. Kazi hiyo ilimpotezea jioni nyingi, nami nilimtia moyo aikamilishe na kila ukurasa utiwe saini na wote wawili, maana upungufu unaogunduliwa mtunza stoo akiwa ameshaondoka hauna mwingine wa kubebeshwa. Likizo ambayo hakuwa ameichukua alilipwa. Cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, kilikuwa hakijagongwa muhuri alipokwenda kuripoti Pongwe, na Jumamosi atapita tena Ngamiani kukifuata.