Jim Reeves alivyopotea kwenye redio ya baba, na nilivyomrudisha

"Hayumo," baba akasema, akaweka kikombe cha kahawa chini. "Violini zimo, waitikiaji wamo. Jim mwenyewe hayumo."

Nilikuwa nimemwekea mkusanyiko wa nyimbo za Jim Reeves, yule mwimbaji wa Marekani, uliosafishwa upya, nyimbo 40 na kitu, nilioulipia kama 20,000 na ushee nikaushusha kwenye simu. Baba ana miaka 78, mstaafu wa reli, na kama wazee wengi wa Ngamiani, Tanga, wa rika lake ni mtu wa Atomic Jazz na Black Star, bendi za zamani za hapa kwetu. Lakini Jim Reeves kwake ana kiti chake peke yake. Santuri aliyoinunua ujanani ilipinda kwa joto la bati, ilipowekwa juu ya kabati, na tangu hapo nyimbo zile amekuwa akizivumisha puani tu akinyoa ndevu. Nilitaka azisikie sawasawa, na si kwenye kispika cha simu.

Redio yake ni ya zamani, yenye spika mbili za mbao. Upande wa kaseti ulishakufa, ila nyuma kuna matundu mawili ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Nikatafuta waya wenye pini moja ya simu upande huu na vichwa viwili upande ule, nikachomeka, tukakaa barazani baada ya isha. Muziki ukatoka mzuri kabisa, violini zimetanda. Lakini pale sauti ya mwimbaji ilipotakiwa kuingia, palikuwa na mwangwi tu, kama mtu anaimba ndani ya kisima nyumba ya tatu.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika, na mpaka leo unanikera. Kaka yangu akasema mzee masikio yamechoka, tumpeleke akapimwe. Baba alisikia, akanyamaza. Kijana wa jirani akanipakulia programu ya kuongeza besi, ikawa kelele juu ya kelele. Fundi mmoja wa redio akasikiliza nusu dakika, akasema nimeuziwa karaoke, wamemfuta mwimbaji, na redio yenyewe ni ya kutupa. Sabufa anayo, 180,000, na kwa kuwa ni mimi atapunguza. Nilibaki kidogo sana nitoe hela. Kilichonizuia ni kwamba baba alikuwa amesema jambo lilelile tangu mwanzo, kwa maneno mawili, na hakuna aliyemsikiliza: waitikiaji anawasikia, Jim hamsikii. Masikio yakichoka kwa uzee, sauti nyembamba kama za violini ndizo hutangulia kupotea. Si sauti nzito kama ya Jim.

Nikaamua kuupitia mkusanyiko wote mwenyewe, wimbo baada ya wimbo, usiku watu wamelala. Unapangwa kwa miaka, na mwanzoni kuna nyimbo za 1953, alipokuwa bado anaimba kwa sauti ya juu, kabla hajajifunza kusogea karibu na maikrofoni. Zile za 1953 hazikutoa kitu. Sekunde zinakwenda kwenye simu, spika kimya. Nikazichezesha kwenye simu peke yake, bila waya: zipo, nzima, safi. Basi faili si mbovu. Nikasogea mbele kwenye zile za miaka ya sitini, violini na waitikiaji wakarudi, Jim hayupo. Nilikaa na jambo hilo mpaka karibu saa nane.

Nyimbo za mwanzo zile zilirekodiwa mono, yaani kinachotoka kushoto na kinachotoka kulia ni kitu kimoja. Za baadaye ni stereo: violini na waitikiaji wamegawanywa pembeni, mwimbaji amewekwa katikati, na kuwekwa katikati maana yake ni kutoka pande zote mbili kwa kipimo kilekile. Kwa hiyo kilichokuwa kinapotea ni kila kitu kilicho sawa kushoto na kulia. Waya ule ndani una njia tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya kurudishia, ambayo mafundi huiita athi. Athi ikikatika, kushoto na kulia hubaki kurudishiana wenyewe kwa wenyewe. Vinavyofanana hufutana, kinachosikika ni tofauti yao tu.

Nikajaribu. Nikachomoa kichwa chekundu, cha upande wa kulia, nyuma ya redio. Kama waya ni mzima, spika ya kushoto ilitakiwa iendelee. Ikakata, ukabaki mngurumo. Nikakirudisha, kisha nikaishika pini kwenye shingo yake, pale mpira unapoingia kwenye chuma, nikaikunja taratibu kwa kidole gumba. Kufikia pembe fulani, Jim Reeves akaingia chumbani. Nilisikia mpaka pumzi anayovuta kabla ya neno la kwanza. Nikaachia, akatoka. Nikakunja, akarudi. Nilifanya hivyo labda mara kumi, peke yangu gizani, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilenga.

Asubuhi nilinunua waya mwingine, hela ya vocha tu. Ukinunua, kunja shingo ya pini palepale dukani huku muziki unalia, na ujaribu kwa wimbo wa mono.

Jioni nikamwekea baba ule wa mtu anayeongea na mpenzi wake kwenye simu, uliotamba 1960. Jim hakupaza sauti. Alikuwa ameikaribia maikrofoni, na kwa usafishaji huu ule mchakacho wa santuri haupo, unabaki uzito wa koo lake. Baba akanyoosha mkono. "Punguza. Huyu haimbiwi mtaa mzima." Nikapunguza mpaka tukasikia na baiskeli zinazopita nje, na kweli, pale ndipo alipokaa vizuri.

Akanieleza alivyosikia redioni mwaka 1964 kwamba ndege aliyokuwa akiirusha Jim mwenyewe imeanguka karibu na Nashville, Marekani, akiwa na miaka 40. Kisha wimbo mmoja ukaanza, akakunja uso. "Violini hizi hazikuwemo." Alikuwa sahihi tena: baada ya kifo cha Jim kampuni iliendelea kutoa nyimbo zake, nyingine zikiongezewa vyombo vipya juu ya sauti ya zamani. Kaka yangu alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka. Baba akamgeukia.

"Umesikia violini, mwanangu?"

"Nimezisikia, baba."

"Haya. Mwambie mdogo wako arudishe ule wa simu."