Saa za bure za jeshi la akiba nilizihesabu nikiwa Malindi

Watu wakisikia niko jeshi la akiba la Marekani huniambia, "Si mazoezi ya wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka?" Nami niliambiwa hivyo hivyo nikijiunga. Wikendi huhesabiwa vipindi vinne, kila kipindi malipo ya siku moja, na kwa mwaka ni vipindi 48. Lakini ukishakuwa sajenti mwenye askari tisa, zile siku za katikati hakuna anayekuhesabia.

Julai nilikuja nyumbani Malindi, mtaa wa Shela. Wikendi ya mwezi ule nilikuwa nimeshaihamisha, nikajua napumzika. Kumbe saa kumi na mbili jioni ya Minnesota kwetu ni saa nane usiku, na ndipo watu wametoka kazini wanashika simu. Huyu hana usafiri wa kufika mazoezini, yule vipimo vyake vya afya vimepitwa na wakati, mkubwa wangu ataka orodha ya vifaa kabla hajalala. Nikahamia ukumbini nisimwamshe mama. Akaamka vile vile. Usiku wa nne akanijia na kanga begani: "Mwanangu, simu hizi walipwa?" Nikamwambia la. "Na hao wenzio wajua kwamba hulipwi?"

Sikuwa na jibu.

Mkongwe mmoja wa kikosini ndiye aliyenishauri nijibu kila kitu papo hapo, eti vyeo hupatikana hivyo. Ushauri mbaya mno! Kwa ajili yake nilipoteza siku nzima nikihangaikia kozi ya mtandaoni ya saa mbili. Kurasa nyingi za jeshi hazifunguki bila kitambulisho chenye chipu, na kifaa cha kukisomea nilikiacha Minnesota. Nilizunguka maduka ya simu yote mjini. Kila nikieleza, natolewa kile cha kadi ya kamera. Mwisho mpwa wangu akapata kimoja Mombasa, kikaletwa na basi, kikafika magharibi. Tukachomeka kwenye kompyuta yake, taa ikawaka, tukafurahi. Ukurasa ukakataa: kompyuta haikuwa na vyeti vya usalama vya jeshi. Kama shilingi elfu nne hivi zilikwenda, na samaki wa kupaka wa mama nilimla baridi.

Usiku ule nikafungua daftari la shule la mpwa wangu. Kila simu, kila ujumbe, saa ya kuanza na ya kumaliza. Mwezi ulipokwisha: saa 31.

Niliporudi sikwenda kwa kamanda kulalamika, nilimwekea daftari mezani. Alisoma kurasa zote. Kuna fomu, 1380, ya kuandikia kazi ya nje ya wikendi, ila kibali kiombwe kabla ya kazi, kwa hiyo zile 31 zilipotea. Tangu hapo naomba kwanza. Mara nyingi haileti pesa, huleta pointi, nazo si kitu cha kudharau: mwaka huhesabika kwa pointi 50, na miaka 20 ya namna hiyo ndiyo pensheni. Orodha ya vifaa ikahamishiwa wikendi yenyewe. Simu zikawekewa Jumanne jioni, isipokuwa dharura.

Desemba nilikuja tena. Simu iliita usiku wa kuamkia Jumatano tu, saa tisa, na mama alikuwa ameshaniwekea chai ya tangawizi kwenye chupa.