Kichwa cha Medusa: nta imetoka, shaba imeingia

Mradi huu ni nakala ndogo ya shaba: nachonga umbo kwa nta, nalifunika kwa kalibu (ganda gumu), nayeyusha nta itoke, kisha namimina shaba mahali pake. Waliokuwa nami tangu mwanzo wanajua kwamba Perseus mzima sikumgusa, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki aliyemkata kichwa Medusa, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Nimechukua kichwa tu, kile anachokinyanyua kwa mkono wa kushoto kwenye sanamu ya Benvenuto Cellini iliyopo Loggia dei Lanzi, ukumbi wa wazi mjini Florence, Italia. Cellini alikuwa sonara. Mtawala wa mji, Cosimo I de' Medici, alimpa kazi ile mwaka 1545, na watu wakafunuliwa sanamu mwaka 1554. Ya kwake inapita mita 3 kabla hujahesabu kitako cha marumaru. Ya kwangu inakaa kiganjani.

Nta

Nta ni ya nyuki, imetoka Tabora. Nimeichanganya na utomvu wa msonobari kidogo, maana kwa joto la Dar nta tupu inalegea kabla hujamaliza kuchonga pua.

Sura haikunisumbua. Macho yamefumba nusu, mdomo umeachama kidogo, basi. Kazi ilikuwa kwenye nyoka. Watu husifu nywele zile kwa urembo. Mimi naona akili ya fundi anayejua shaba inapita wapi. Nyoka aliyechomoza peke yake ni uchochoro usio na mlango wa pili: hewa inanaswa ndani, shaba inapoa kabla ya kufika kichwani kwake. Nyoka anayemgusa mwenzake ni mfereji. Kwa hiyo wa kwangu wote nimewasuka, kila mkia umezama ubavuni mwa jirani, na wale wadogo wa juu ya paji nimewalaza kabisa kwenye ngozi.

Shingoni nako kuna damu. Cellini hakuichora kama matone, aliimwaga kwa nyuzi nene zinazoning'inia. (Wagiriki walisimulia kwamba Pegasus, farasi mwenye mabawa, alizaliwa kutokana na damu hiyo.) Kalibu langu linakaa kichwa chini, shingo juu, kwa hiyo nyuzi hizo nilizirefusha hadi kwenye kikombe cha kumiminia. Shaba imeingia kwa Medusa kupitia damu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ya mradi ninayojivunia kuliko zote.

Kalibu

Jasi na unga wa silika, likaachwa likauke vizuri, kisha tanurini polepole hadi nyuzi 700 hivi. Nta yote inatoka, na unyevu pia. Hapa hakuna mzaha: maji kidogo yakibaki ndani, yanageuka mvuke ghafla na kukurushia shaba ya moto usoni.

Hesabu ya metali ni rahisi. Pima nta pamoja na mifereji yake (vijiti vya nta vinavyoacha njia za shaba na hewa), zidisha kwa 10, utakuwa na shaba ya kutosha na akiba kidogo.

Kuyeyusha

Shaba nyekundu sehemu 9, bati sehemu 1. Nasema bati lenyewe, si mabati ya paa. Shaba peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 1,085. Bati linashusha kiwango hicho na kuifanya itiririke. Linaingia mwishoni, vinginevyo linaungua.

Cellini alilijua hilo siku tanuri lilipomgeukia. Anasimulia mwenyewe: paa la karakana lilishika moto, mvua ikapiga kutoka bustanini, yeye akapelekwa kitandani na homa, na shaba ikaanza kuganda. Akaamka, akaamuru kuni kavu za mwaloni, kisha akatupia sahani na vyombo vyake vya mezani, kama 200 hivi, vyote vya mchanganyiko wa bati. Ikatiririka. Kilichopungua ni vidole vya mguu wa kulia. Alikuwa amemwambia Cosimo mapema kwamba mguu ule utamletea shida, kwa kuwa uko chini kabisa na shaba itaufikia imeshapoa. Cosimo yeye alikuwa na wasiwasi na kichwa cha Medusa. Mimi ningemwamini sonara.

Kwenye meza sasa

Jasi limevunjwa, nyoka wote wamejaa. Nyuma ya sikio kuna mapezi membamba ya shaba yaliyoingia kwenye nyufa za kalibu. Hayo ni patasi ndogo na tupa, jioni baada ya jioni. Kope sizigusi kwa tupa kabisa, nazipitishia msasa laini uliozungushwa kwenye kijiti.

Bado sijakata mifereji. Inayopeleka hewa itaondoka yote. Ya shingoni nimeshaitia alama kwa chaki: miwili mifupi inabaki kama damu, mingine inakatwa. Baada ya hapo ni moto kidogo na dawa ya salfa ili rangi iingie kahawia, halafu nitafute kipande cha mninga cha kitako.