Ufunguo wa akiba usiojaribiwa ni chuma tu

Mnaovuta trela la kambi, hesabuni funguo kabla ya safari: gari, mlango wa trela, masanduku ya pembeni, kufuli la kiungio cha trela na gari. Kila mmoja uwe na wa pili, na wa pili usikae kwenye kishada kimoja na wa kwanza (wengi hukosea hapo hapo).

Wa gari, chongesha wa chuma mtupu, usio na chipu (kidude cha elektroniki kinachoruhusu injini kuwaka). Hauwashi injini, ila unafungua mlango, na wa kuwashia unaufungia ndani. Ufunge kwa waya kwenye chasisi, juu ya usawa wa matope. Kisanduku cha sumaku sikipendi: barabara ya mawe hukidondosha, na wezi wanakijua. Usifiche rimoti ya gari linalofunguka kwa kukaribiwa. Gari huihisi na kufunguka kwa yeyote.

Masanduku ya pembeni ya matrela mengi ya Marekani hutumia ufunguo mmoja, CH751. Tazama namba iliyochongwa kwenye wako. Kama ni hiyo, kupata wa akiba ni rahisi, lakini jirani naye anao. Badilisha silinda ya kufuli (sehemu inayoingia ufunguo), au usiweke kitu cha thamani humo.

Mlango wa trela una tabia mbaya: ukibamizwa na upepo, kilimi cha ndani kinaweza kujifunga chenyewe. Kwa hiyo ukitoka hata kumwaga maji tu, ufunguo uwe mfukoni. Na ukishachongesha, ujaribu kila mmoja nyumbani. Meno yakiwa na vinyweleo vya chuma, hukwama.