Fremu ya toyo ya kubeba chumvi: rangi ipi uichague

Toyo, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, inayobeba chumvi ya Uvinza au dagaa wabichi kutoka Kibirizi, mkoani Kigoma, huanza kuoza fremu kabla injini haijachoka. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo chuma hakikauki sawasawa hata mvua ikikatika.

Redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, peke yake ni ya mageti. Rangi ya unga inapendeza, ila huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200, kwa hiyo lazima fremu nzima iingie kwenye oveni. Kokoto ikiibandua padogo tu, maji hutambaa chini yake. Juu inang'aa, ndani kutu inakula. Kuchovya kwenye zinki ni imara zaidi, lakini zinki hiyo iliyoyeyuka ina nyuzi 450 hivi, na bomba lililozibwa pande zote linaweza kulipuka humo. Tena ukichomelea baadaye unaiunguza, na moshi wake unaleta homa. Kwa fremu ambayo fundi ataikatakata kila msimu, chagua epoksi ya kopo mbili (rangi na hadina, yaani kigandishi chake), kisha juu yake rangi ya poliyurethani, maana epoksi ikiachwa juani hupauka na kuwa unga.

Kazi kubwa iko kwenye kusafisha. Anza na sabuni kuondoa oili. Ukitanguliza grenda unaisambaza tu. Fremu iliyokwisha kubeba chumvi isuguliwe kwa brashi ya waya, ioshwe kwa maji safi mengi, ikauke, isuguliwe tena. Brashi haitoi chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu, na hiyo ndiyo inayoleta malengelenge baada ya miezi michache, watu wakailaumu rangi. Toa magamba ya welding yote, piga msasa namba 80, futa kwa thina, na upake siku hiyohiyo, kabla jioni haijaleta umande.

Fremu ya bomba la milimita 40 kwa 40, mita 18 pamoja na vibati, ina kama mita 4 za mraba. Lita 2 za epoksi zinatosha mikono miwili ya kupuliza. Viungo vya welding na kona vitangulie kwa brashi, kwani rangi hukimbia kwenye ncha. Hadina ipimwe kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo: ikipungua rangi inabaki inanata, na kuizidisha hakuharakishi kitu. Changanya kidogo kidogo, joto huigandisha mapema. Ukichelewa siku nyingi kabla ya rangi ya juu, ikwaruze kwanza kwa msasa namba 320, la sivyo haitashika.

Kabla ya kupaka, toboa tundu la milimita 8 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba, maji yatoke. Ziba nyuzi za nati kwa tepu, pia pale unapofungwa waya wa ethi. Chini ya boliti kubwa weka rangi nyembamba tu. Ikiwa nene husagika na boliti zinalegea.