Kuchagua Mashine Ndogo ya Kuchonga Chuma kwa Karakana ya Nyumbani

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, mtaa wa Migosi, Kisumu, na kazi zinazoletwa humo ni zile za kawaida kwa mji huu: shafti ya kinu cha posho inayohitaji mfereji mpya wa kii (kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti), bamba la pampu ya maji lililopinda, au kifungio cha injini ya mashua kutoka ufuko wa Dunga. Mashine ya kukereza hutengeneza vitu vya mviringo, lakini uso bapa na mfereji ulionyooka huhitaji mashine ambayo kisu chake kinazunguka huku kazi ikiwa imefungwa kwenye meza inayosogezwa kwa skrubu. Hiyo ndiyo ninayoitafuta.

Wauzaji hutanguliza nguvu za mota na ukubwa wa meza. Mimi huanza kwa kuitazama nguzo, yaani mhimili wima unaobeba kichwa chenye mota na kisu. Mashine nyingi za bei nafuu zina nguzo ya bomba la duara, na kichwa kikipandishwa ili kubadilisha kisu, huweza kugeuka kidogo, hivyo kipimo ulichokitafuta kwa taabu hupotea na kazi huanza upya. Nguzo yenye reli za pembe, ambazo hukiongoza kichwa kikipanda na kushuka bila kugeuka, haina tatizo hilo, na kwa maoni yangu tofauti ya bei inastahili kulipwa hata ikibidi kusubiri.

Baada ya nguzo ni uzito. Mashine ya kilo 60 hivi hubebwa na watu wawili hadi chumbani na itachonga alumini vizuri, ila kwenye chuma itatetemeka usiporidhika na kukwangua kina kidogo kila mara. Ile inayozidi kilo 150 hutulia zaidi, lakini itakulazimu kutafuta winchi, na sakafu yako iwe ya zege.

Wapo wanaoshauri kununua keekee ya kusimama na kuiwekea meza ya kusogea. Siwaungi mkono. Katika keekee nyingi, kishikio hushikwa na mkia wa Morse, yaani mkia unaochongoka kidogo, kwa msuguano tu, bila boliti ya kukivuta kutoka juu, kwa hiyo nguvu ya kutoka ubavuni hukilegeza, na kisu kinachochomoka kikiwa kinazunguka ni hatari. Beringi zake pia zimekusudiwa hasa kusukumwa kwenda chini, si kando.

Kuhusu mota, hesabu ya kasi inafaa kufanywa kabla ya kutoa pesa. Chuma laini hukatwa na kisu cha kawaida, kisicho cha kabaidi (madini magumu zaidi), kwa takriban mita 25 kwa dakika, maana yake kisu chenye kipenyo cha milimita 10 kizunguke karibu mara 800 kwa dakika na cha milimita 20 karibu mara 400. Kasi ya juu inayoandikwa kwenye matangazo basi hainisaidii sana. Ninachouliza ni kama mota bado ina nguvu inapozunguka polepole, kwa sababu zile ndogo zinazodhibitiwa kwa saketi za kielektroniki huchoka huko chini. Saketi hizo pia haziupendi umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, jambo tunalolijua vyema msimu wa mvua, kwa hiyo kifaa cha kuikinga mashine kimo katika bajeti yangu. Mashine kuukuu za viwandani ni imara kupita zote, lakini nyingi hutaka umeme wa fezi tatu, na nyumbani kwangu iko moja tu, ya volti 240.

Bajeti hiyo, kwa kweli, ndiyo huwashangaza wengi. Jiliwa, koleti za kushikia visu, visu vyenyewe, klempu na saa ya kupimia (ya mshale, inayoonyesha tofauti ndogo za kimo) vinaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe, na bila saa hiyo huwezi kuhakikisha kwamba kichwa kimesimama wima juu ya meza. Kwa hiyo nimeamua kuchukua mashine ya ukubwa wa kati, yenye nguzo ya reli na vipimo vya milimita, kisha visu ninunue kidogo kidogo kadiri kazi zinavyokuja. Meza ya kuiwekea nimekwisha kuiagiza kwa mafundi wa soko la Kibuye, ya vyuma vya pembe vilivyochomelewa na kufungwa ukutani kwa boliti, nami nimewasihi wasiitie magurudumu.